Hilux ya Zamani ya Bodi Ndefu Iliyoshushwa: Dalili, Chanzo na Tiba

Malalamiko ya watu walioshusha pikapu hayana mengi mapya. Mwenye Hilux ya 1986 kule Tanga na mwenye ya 1995 kule Nakuru wanasema maneno yaleyale: inagonga, inatikisika, inakula tairi kwa ndani, nyuma inateleza ukikanyaga breki. Wote wamebadilisha kitu kimoja, yaani urefu, wakaviacha vingine vyote vikiwa vimepimwa kwa urefu wa kiwandani. Ukikwama popote humu, jiulize hilo kwanza: ni kitu gani hapa kilikuwa kinategemea urefu ule wa zamani?

Nazungumzia Hilux za 1983 hadi 1988 na za kizazi kilichofuata hadi 1997, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kabini moja, bodi ndefu. Mbele hazina springi za kuviringa. Zina tosheni, chuma kirefu cha mviringo kinacholala kandokando ya chesisi na kufanya kazi ya springi kwa kujisokota. Nyuma kuna springi za mapande na ekseli nzima. Mwenye pikapu ya Peugeot 504 anaweza kusoma sehemu za springi za nyuma, maana naye ana springi za mapande na ekseli nzima, lakini mbele yake kuna shokapu zilizovaa springi na hakuna bolti ya tosheni ya kulegeza ili gari lishuke.

Kabla ya kulaumu chochote

Chukua futi na kalamu. Paki mahali palipo sawa, upepo wa matairi uwe sahihi, bodi iwe tupu. Bonyeza boneti mara kadhaa, kisha sukuma gari mita chache mbele na urudishe, kwa sababu gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi huwa halijakaa. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka sakafuni, tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Ukiwa na vipimo vya kabla ya kushusha, nusu ya kazi imekwisha. Ukiwa huna, vya leo ndivyo vitakavyokuonyesha kesho kama kitu kimelegea.

Na hili halina mjadala: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi mbili, ardhi ngumu, magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi.

"Fundi, tumeweka bloku lakini nyuma imeinuka"

Hili linachekesha mpaka likupate. Bloku ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi na ekseli, nacho kinashusha gari pale tu ambapo ekseli imekaa juu ya springi. Springi ikiwa juu ya ekseli, bloku hiyohiyo inainua. Hilux nyingi za magurudumu mawili ekseli iko juu ya springi, na za magurudumu manne ni kinyume. Lakini gari la miaka thelathini limepitia mikono mingi, na wapo waliogeuza mpangilio ili gari lipande kwa ajili ya barabara za shamba. Lala chini uangalie kwa macho yako kabla ya kununua.

Sababu ya pili ni shakeli ndefu, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi. Kuna wanaoamini kwamba shakeli ndefu inashusha kwa sababu wameiona kwenye pikapu za Kimarekani. Kwenye Hilux shakeli inaning'inia kutoka kwenye chesisi hadi kwenye jicho la springi, kwa hiyo ukiirefusha unaisukuma chesisi juu. Rudisha ya kawaida.

"Inagonga kila tuta, imekuwa ngumu kama mkokoteni"

Haya ndiyo malalamiko yanayoongoza, na chanzo kikuu karibu kila mara ni kimoja: nafasi ya kucheza imekwisha. Kati ya ekseli na chesisi kuna raba ngumu iliyowekwa ili chuma kisigonge chuma, na mbele ipo nyingine kwenye mkono wa chini au karibu nao. Ukishusha gari sentimita tano, umekula sentimita tano za nafasi hiyo. Kinachobaki kinaweza kuwa upana wa vidole viwili. Gari halina ugumu wowote wa springi. Linakalia raba.

Jaribio lake ni rahisi. Futa raba zote nne ziwe kavu, zipake chaki nene, endesha mtaani upite matuta mawili matatu kwa mwendo wako wa kawaida, rudi uangalie. Chaki ikiwa imefutika na kuacha alama ya chuma, umepata jibu. Zikiwa safi zote nne, tafuta kwingine.

Zikiwa zimegusa mbele, usikimbilie kukata raba. Rudisha tosheni juu kidogo. Kwa tosheni peke yake, kushuka sentimita tatu hadi tano ndio mpaka wa busara kwenye gari hili. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji vipuri vya kushushia vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kulegeza bolti hadi mwisho. Zikiwa zimegusa nyuma, punguza unene wa bloku, au tafuta raba fupi zaidi iliyotengenezwa fupi. Raba iliyokatwa kwa msumeno inabaki na uso usio sawa, inapasuka, na siku ya mzigo hakuna kinachozuia ekseli.

Chaki ikiwa safi na bado inagonga, nenda kwenye shokapu. Shokapu ya urefu wa kawaida kwenye gari lililoshushwa inafanya kazi ikiwa imejifunga zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla raba haijagusa. Dalili zake ni mlio mkavu wa chuma, oili inayotiririka kwenye mwili wa shokapu ndani ya wiki chache, na raba za juu zilizopasuka. Dawa ni shokapu fupi, si shokapu ngumu. Muuzaji wa vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, atakuuliza modeli ya gari tu. Wewe mpe urefu ikiwa imefungwa kabisa na ikiwa imefunguka kabisa.

Baada ya hapo ndipo ufikirie springi zenyewe. Kama aliyeshusha alitoa mapande badala ya kuweka bloku, au alipasha springi moto kwa gesi ili zilale, springi imeharibika. Chuma cha springi kina ugumu wake kiliopewa kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gereji unauondoa. Springi ya namna hiyo huwa laini, inaendelea kulala mwezi hadi mwezi, kisha inavunjika, mara nyingi palepale ilipopashwa. Hakuna kuirekebisha. Toa, weka nyingine. Na tosheni iliyowahi kupashwa moto vivyo hivyo.

Simama hapa: mtu akikwambia suluhisho la kugonga ni kukata chesisi juu ya ekseli ili ipate nafasi, mwache kwanza. Kazi hiyo ipo na inafanyika, lakini kwenye bodi ndefu sehemu ile ndiyo inayobeba mpindo mkubwa wa mzigo. Chesisi iliyochongwa lazima ipate bamba la kuimarisha lililopimwa na kuchomelewa na mtu anayefanya kazi za chesisi kila siku. Mchomeleaji wa mageti si mtu huyo, hata awe na mkono mzuri kiasi gani.

"Imeinama upande wa dereva"

Usiguse bolti yoyote bado. Angalia tanki la mafuta, sanduku la vifaa na tairi la akiba, kisha rudia kipimo cha gari lililosukumwa. Tofauti ya chini ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia kwenye gari la umri huu mimi siihesabu kuwa ugonjwa.

Ikiwa ni zaidi, jua kwanza mbele ndiko kunakoinamisha au nyuma. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, weka jeki katikati kabisa ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli ya nyuma), uinue hadi magurudumu ya nyuma yaache ardhi kidogo. Sasa nyuma imesimama juu ya ncha moja na haina nguvu ya kuegemeza gari upande wowote. Simama mbele uangalie. Mwinamo ukitoweka, tatizo ni springi za nyuma. Ukibaki, ni tosheni.

Upande wa tosheni, kosa la kawaida ni kulegeza bolti zote mbili mizunguko sawa na kudhani zimekuwa sawa. Tosheni mbili za umri ule haziko sawa, na huenda aliyezifunga mara ya mwisho alikosea jino moja kwenye meno ya mwisho wa chuma. Fuata kipimo cha fenda, usifuate idadi ya mizunguko. Kabla ya kuzungusha, inua mbele hadi magurudumu yaning'inie ili bolti isibebe uzito wote, na uipulizie oili ya kutu jana yake. Bolti iliyolala na kutu tangu miaka ya tisini ikilazimishwa ikiwa imebeba uzito inakatika. Pima urefu wa nyuzi zinazoonekana kabla na baada. Ukizigeuza, shusha gari, sukuma mbele na nyuma, ndipo upime.

Tosheni ya kushoto na ya kulia hazibadilishani nafasi, kwa kuwa kila moja imeandaliwa kujisokota upande wake. Kama gari lilifunguliwa mbele lote, tafuta alama za herufi au mishale kwenye ncha zake. Zikiwa zimebadilishwa, usiendelee kuendesha ukisubiri mwisho wa mwezi.

Sababu inayosahaulika ni bushi. Bushi za raba za mikono ya mbele na za macho ya springi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwenye urefu wake mpya. Zikikazwa gari likiwa hewani, raba inashikana katika mkao ule na inajisokota mara gari linaposhuka. Gari linakaa juu kidogo, baada ya wiki mbili raba inachanika, kisha gari linashuka tena bila mtu kuligusa. Legeza bolti za bushi, teremsha gari, sukuma, kaza.

Nyuma, angalia kama kichwa cha senta bolti, ile inayoshika mapande ya springi pamoja, kimeingia kwenye tundu lake pande zote mbili, bloku ni za unene mmoja, na hakuna pande lililovunjika. Pande la katikati likivunjika halionekani hadi uoshe tope.

Simama hapa: ikiwa springi ni nzima, tosheni zimesawazishwa, na gari bado limeinama au linaenda kama kaa barabarani, huenda chesisi imepinda. Hiyo ni kazi ya gereji yenye vipimo vya chesisi.

"Tairi inakula ndani, usukani unavuta"

Mbele ya Hilux hii ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na ukishusha gari vichwa vya magurudumu huegemea ndani. Wakati huohuo vyuma vya usukani vinabadilisha pembe, na matairi yanaanza kuangaliana au kuachana. Kwa hiyo sababu ya kwanza kwenye orodha ni aibu tupu: alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu, haikufanywa, au ilifanywa kabla ya urefu kutulia. Utaratibu ni urefu kwanza, siku chache za kuendesha, ndipo alaimenti. Ukigeuza bolti ya tosheni tena, hata kidogo, alaimenti ile imekufa.

Kiganja chako kinaweza kukuambia mengi kabla hujalipa. Pitisha mkono kwenye meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Likiwa laini pande zote lakini limeisha zaidi ukingo wa ndani, ni mwegemo. Likiwa laini ukienda upande mmoja na linakwaruza kama msumeno ukirudi, matairi hayaangalii mbele sawasawa, na hilo ndilo linalomaliza tairi haraka kuliko mwegemo. Watu wengi wanaolaumu mwegemo wana tatizo la pili.

Alaimenti ikigoma kusimama, kagua vilivyochakaa. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise: mchezo unaonyesha boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono) au beringi ya gurudumu. Lishike kushoto na kulia: mchezo ni tairodi (chuma kinachogeuza gurudumu usukani ukikatwa) au mkono wa usukani. Kwenye gari la zamani vitu hivi vilikuwa vimechakaa kabla ya kushusha. Kushusha kumevifichua tu. Kufanya alaimenti juu ya boljointi iliyolegea ni kutupa pesa.

Vikiwa vizima vyote, mwambie fundi wa alaimenti arekebishe mwegemo kwa shimu au bolti za kurekebishia, kulingana na modeli. Akikuonyesha kwamba amefika mwisho wa marekebisho na bado kipimo kiko nje, gari limeshushwa kupita uwezo wa mikono yake. Pandisha mbele sentimita moja au mbili, urudi.

Usukani ukivuta ghafla unapopita shimo hata kama alaimenti ni nzuri, tairodi hazilali tena sambamba na mikono ya mbele. Kila gurudumu linapopanda, linajigeuza lenyewe. Kwa kiasi kidogo utalizoea. Kama linakuhamisha njia, usiendeshe barabara kuu hadi urefu upandishwe.

"Ikiondoka inatetemeka" na "ikifika themanini inatetemeka"

Hayo ni magonjwa mawili, na kwenye bodi ndefu yote mawili yanakuja zaidi kwa sababu propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, imegawanyika mara mbili, katikati ikiwa imeshikwa na senta beringi iliyokaa ndani ya raba.

Nianze na jambo ambalo wauza kabari, vile vipande vya kugeuza pembe ya ekseli, hawatakwambia. Bloku iliyo na unene sawa mbele na nyuma inaisogeza ekseli juu bila kuigeuza. Pua ya difu inabaki na mwelekeo uleule, kwa hiyo kama pembe za mwanzo na mwisho wa propela ya nyuma zilikuwa sawa zamani, zinabadilika kwa pamoja na zinabaki sawa. Kushusha kwa bloku nzuri hakupaswi kuleta mtetemo peke yake. Ukija, tafuta kwanza kilichokuwa kimechoka.

Mtetemo wa kuondoka, ule unaokuja ukiachia klachi na kupotea ukishika mwendo, mara nyingi ni raba ya senta beringi. Ingia chini gari likiwa limezimwa, gia huru, magurudumu yamezuiwa, ushike propela karibu na beringi uisukume juu na chini. Kucheza kidogo kwa raba ni kawaida. Raba iliyochanika inaiacha propela idondoke, na unaweza kuona mstari unaong'aa ambapo chuma kimekuwa kikisuguana na kishikio. Badilisha. Baada ya hapo shuku springi kujipinda: difu inapovuta, ekseli inataka kujizungusha kinyume na springi inakuwa na umbo la S. Kadiri bloku inavyokuwa nene ndivyo ekseli inavyopata mkono mrefu wa kuipinda springi, na springi iliyotolewa mapande haina nguvu ya kukataa. Kama mtetemo unakuja na kishindo kimoja kizito, ndiyo hiyo.

Mtetemo wa mwendo tafuta kwanza kwenye matairi. Usukani ukitikisika mikononi ni mbele. Kiti na sakafu vikitikisika ni nyuma au propela. Kwenye barabara tupu na tambarare, ufikie mwendo ule kisha ukanyage klachi. Ukibaki uleule, si injini. Ukipotea pale tu unapoachia mafuta, ni pembe au springi kujipinda.

Sasa kagua kwa mpangilio huu. Yunivaso, viungo vya kupinda vya propela, kwanza: shika propela pande mbili za yunivaso uzizungushe kinyume, usikie kama kuna tiki. Kutu jekundu la unga kwenye vifuniko vyake ni hukumu tayari. Kisha alama: propela ilipotenganishwa kwenye meno yake ya kuteleza, je, ilirudishwa palepale? Uma za ncha mbili za propela ya nyuma zinapaswa kulala mstari mmoja. Zikipishana hata jino moja, mtetemo hautaisha kwa kubadilisha kitu kingine chochote. Anayefungua propela bila kuweka alama ya patasi au rangi anajitafutia kazi ya bure. Kisha bloku: zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuinua magari mara nyingi zina mteremko, nene upande mmoja, na zinauzwa rafu moja na zile zilizo sawa. Pima ncha zote mbili.

Ukifika hapa bila jibu, pima pembe. Gari liwe na uzito wake juu ya magurudumu, kwenye shimo la gereji au juu ya majukwaa manne, si likining'inia. Kipima pembe cha bei nafuu chenye sumaku kinatosha. Soma mwelekeo wa giaboksi, propela ya mbele, propela ya nyuma na uso wa difu. Tofauti kati ya pembe mbili za propela ya nyuma isizidi digrii moja, na kila pembe isizidi digrii tatu hivi. Isiwe sifuri pia: sindano ndani ya yunivaso zinahitaji pembe kidogo ili zizunguke, zikilala palepale zinachimba vishimo.

Ikibidi kugeuza pua ya difu, tumia kabari ya chuma ya digrii mbili hadi nne, inayoshikwa na senta bolti. Ekseli ikiwa juu ya springi, upande mnene ukielekea mbele pua inainuka; springi ikiwa juu ya ekseli, ni kinyume. Weka, pima tena, usikisie.

Simama hapa: ukiona propela imegusa chesisi, bomba la ekzosi au sakafu ya bodi, au meno ya kuteleza yameingia hadi mwisho, gari lisitembee. Propela ikichomoka kwa mwendo inaweza kutoboa sakafu. Kuikata, kuichomelea na kuibalansi ni kazi ya karakana yenye mashine ya balansi.

"Breki ya nyuma inafunga kabla ya mbele"

Hapa ndipo ningependa kila aliyeshusha Hilux asome mara mbili, maana wengi hawajui kifaa hiki kipo.

Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye Hilux nyingi, kuna vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba ya springi. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikijaa, chesisi inashuka kuikaribia ekseli, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu presha zaidi ya breki kwenda nyuma. Bodi ikiwa tupu, inabana presha ili magurudumu mepesi yasifunge. Wewe umeshusha chesisi kwa bloku. Vali inaamini umebeba mifuko ya saruji kila siku. Kwenye lami kavu huenda usigundue. Siku ya masika, bodi tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye mzunguko, nyuma inafunga na kutaka kukupita.

Kwanza angalia kama fimbo ipo, haijapinda, na haijafungwa kwa waya na fundi aliyetangulia. Kishikio chake kwenye Toyota kina nafasi ya kurekebisha, na kinaweza kurudishwa hadi fimbo ikae kwenye pembe iliyokuwa nayo kabla ya kushusha. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Usahihi wake hupatikana kwa geji za presha mbele na nyuma, kwa thamani za kitabu cha gari. Hiyo ni kazi ya fundi wa breki. Kuitoa vali au kuipitisha bomba moja kwa moja si marekebisho.

Kama vali iko sawa, ndipo uangalie oili ya difu iliyovuja kwenye viatu vya breki na viatu vilivyorekebishwa upande mmoja.

Mipira ya breki ni jambo la haraka: gari likishuka mipira haivutiki, inalegea, na ikilegea inaweza kusugua tairi au ekzosi. Kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, uangalie alama za kusugua. Mpira uliosuguliwa hadi kitambaa kuonekana unabadilishwa siku hiyohiyo.

Kelele za nyuma

Kishindo kimoja ukiondoka na kimoja ukifunga breki: yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli. Yubolti za zamani zilizokwishavutika hazirudishwi juu ya bloku mpya. Nunua ndefu zinazolingana na unene, nyuzi zitokeze nje ya nati, zikazwe kwa spana ya kipimo kwa kupokezana, kisha zirudiwe baada ya siku chache za kwanza. Nimeona bloku za mbao ngumu chini ya gari linalobeba watu. Mbao inasinyaa, yubolti inalegea, ekseli inasogea. Bloku mbili zilizopandishana ni hatari hiyohiyo.

Mlio wa kulialia ni bushi za shakeli. Kama springi zimelazwa, zimekuwa ndefu, na shakeli imelala nyuma hadi kugonga chesisi, grisi haitasaidia.

Tairi likigusa fenda ukikata kona, mara nyingi ni rimu pana au za kutokeza zilizowekwa pamoja na kushusha. Badilisha rimu kabla ya kukunja fenda. Na taa za mbele zipangwe upya. Mbele ikishuka kuliko nyuma zinamulika lami ya karibu, nyuma ikishuka zaidi zinawapofusha wanaokuja.

"Nikipakia inakaa chini kabisa"

Itakaa. Uwezo wa springi haujabadilika, ila njia ya kushuka imebaki fupi, na mzigo uliokuwa wa kawaida sasa unaikalisha chesisi juu ya raba. Kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye chesisi. Bodi ndefu inaongeza tatizo lake: sehemu ya sakafu iko nyuma ya ekseli, na ukirundika mizigo mlangoni, mbele inakuwa nyepesi na usukani unaelea. Panga vizito mbele, vikiegemea kabini.

Anayepakia mara moja moja apunguze bloku hadi chaki ibaki safi akiwa na nusu ya mzigo. Anayebeba mchanga au magunia kila siku atoe bloku kabisa, arudishe fimbo ya vali ya breki mahali pake pa zamani, na aache mbele iliyoshuka kidogo kama anaipenda. Nyuma ni nati nane na senta bolti mbili, ila yubolti fupi utanunua mpya.